Mlango wa Maji Upande wa Juu

Nakumbuka alasiri moja nikiwa nimesimama nje ya ghala la mama mkwe wangu, maji yamenifika magotini, na siingii. Ndani nilimsikia mke wangu Mumbua akivuta gunia huku akikohoa, na mamake akimwambia aache hilo, ashike lile lingine. Nilikuwa kijana mwenye mikono ya kuvunja mawe. Gunia la ndengu kwangu lilikuwa mzigo wa bega moja, tena ningelibeba huku napiga mluzi. Lakini nilisimama pale nje, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Mwanangu, nyinyi wa siku hizi mnakula meza moja na mama wakwe zenu, na kwenye harusi mnapigwa picha mmekumbatiana, kwa hiyo jambo hili nitakueleza polepole. Kwetu Ukambani kuna heshima inayoitwa nthoni. Mwanamume na mama ya mke wake hawakutani ana kwa ana. Akimwona anakuja, anatoka njiani mpaka apite. Haingii nyumba aliyomo, hali chakula mbele yake, na jina lake halitaji. Si chuki. Ni namna ya kumwambia mzazi kwamba mtoto aliyekupa hukumchukua kwa mzaha. Wengi wetu tuliokoka, tukaacha pombe na ngoma, lakini nthoni tulibaki nayo. Hata leo, mzee kama nilivyo, jina la mama yule halitoki kinywani mwangu. Mwite Mama Mumbua, inatosha.

Basi hapa Mbumbuni wakati huo soko lilikuwa barabara moja ya murram, bila lami, inateremka kutoka juu kanisani hadi chini kwenye maghala. Yeye alikaa chini kabisa, mimi kazi zangu zilikuwa juu, na watu wote walizijua njia zetu. Akipanda yeye kwenda kanisani, mimi nilizunguka nyuma ya kinu cha posho. Wauza nyanya walikuwa wakinitonya, "Fundi, mkubwa wako anakuja," nami natoweka.

Kazi yake mama yule ilikuwa kutunza mbegu. Wanawake wa mwethya, lile kundi la kusaidiana kulima na kuchimba matuta, walimletea ndengu na kunde zilizo bora baada ya kuvuna. Alizichambua, akazichanganya na majivu, akaziweka ghalani mpaka mvua ya mwisho wa mwaka ianze, ndipo kila mmoja akaja kuchukua zake. Walisema hata dumuzi, wale wadudu wa ghalani, wanamwogopa. Nyumba nyingi za huku zilikula kwa sababu mama huyo hakuzembea, na hilo ndilo lililokuwa jina lake sokoni.

Mwaka ninaokuambia, soko lilijengewa banda jipya la nafaka, na wageni wakubwa walitarajiwa kuja kulifungua. Kamati ya soko ikaamua barabara ipandwe miti pande zote mbili, miarobaini na mijohoro. Mimi, fundi wa mawe, nikapewa kazi ya kuipendezesha. Nikaifanya kwa moyo wangu wote. Kila mche niliuzungushia ukuta wa mawe na saruji uliofika usawa wa goti, nikajaza udongo mpaka ukawa na kichuguu juu, nikapaka mawe chokaa. Kando ya miti nikachimba mtaro ulionyooka kutoka kanisani hadi chini, nao nikaujengea kwa mawe. Jioni nilikuwa napanda juu na kusimama tu, nikiangalia ule mstari mweupe. Nilijipenda sana wakati huo.

Sasa nikuulize, wewe uliyezaliwa huku. Ni mtoto gani wa Ukambani hajui kupanda mti? Shambani tunachimba shimo liwe chini ya ardhi, si juu yake. Udongo tunauweka upande wa chini uwe kizuizi, na upande wa juu tunauacha wazi ili maji ya mvua yaingie. Mipapai yangu mwenyewe nyumbani ilikuwa ndani ya mashimo kama hayo, na niliyachimba mimi. Hata maji ya barabara tunayageuza yaingie kwenye matuta, na majirani wanaweza kununiana msimu mzima kwa sababu ya maji hayo. Lakini sokoni niliona ni mambo mengine. Mjini ni mjini, nilijiambia. Maji ya barabara ya mjini ni uchafu, na uchafu unafukuzwa haraka ili watu wapite na viatu safi. Sisi tunaoomba mvua kwa kufunga, ikija sokoni tunaionyesha mlango wa kutokea.

Na hebu tazama ujinga wetu ulivyokamilika. Wakati wa jua kali, punda walikuwa wakipanda kutoka mtoni na madumu ya maji yaliyochotwa kwenye mchanga, ili tumwagilie miti hiyo. Tukimwaga, maji yanateleza juu ya kichuguu, yanapita juu ya chokaa yangu, yanaingia mtaroni na kwenda zake. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumezoea.

Mama Mumbua aliliona jambo hilo kabla sijamaliza nusu ya barabara. Lakini angeniambiaje? Akamtuma mke wangu.

"Mama anasema uache mlango upande wa juu kwa hayo mawe," Mumbua aliniambia tukila. "Maji iingie kwa miti kwanza. Isikuje kwake yote."

"Mwambie Mama hiyo kazi imepimwa. Nikitoboa, tope itaharibu chokaa, na wageni wako karibu."

"Na wageni wakienda?"

"Wakienda nitatoboa."

Nilisema hivyo ili nimalize chakula changu kwa amani. Mumbua alifikisha ujumbe, na nadhani mamake aliupima akauona mwepesi, kwa sababu baada ya siku chache alikuja mwenyewe. Alisimama ng'ambo ya barabara, amenipa mgongo, mahali ambapo punda wa maji alikuwa amefungwa. Akaanza kuzungumza na punda. Hiyo nayo ni njia yetu ya zamani, mwanangu. Yule usiyeweza kusema naye unamwambia mnyama au mtoto, na mwenye akili anasikia.

"Wewe punda, nakuuliza," alisema. Hakupaza sauti. "Hapa kuna miti inakufa na kiu. Pale chini kuna mtu ataingiliwa na maji. Na maji ni ile ile moja. Kama ni wewe, ungefanya nini?"

Vijana niliokuwa nikifanya nao kazi wakaangua kicheko. Nami, badala ya kuinama na kunyamaza kama mkwe, nikatafuta sifa kwao. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mwambieni huyo mama mimi si punda."

Alisikia. Alitengeneza leso yake begani, akateremka polepole kwenda kwake, wala hakugeuka nyuma. Nimefanya mambo mengi maishani ambayo ningependa kuyafuta. Hilo ndilo la kwanza ningelifuta.

Wageni walikuja, wakatembea katikati ya mistari yangu, na mmoja wao akauliza fundi ni nani. Nikashikwa mkono. Kwa sababu ya mkono huo nikaitwa Zombe, kule Kitui, nikajenge ukuta wa kanisa, na kazi ya kutoboa milango ikasahaulika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa hodari wa kuziba. Hakuna aliyenifundisha kwamba kuna ufa unaofaa kuachwa, na aliyejaribu kunifundisha nilimjibu ulivyosikia.

Mvua ya kwanza ilinikuta nimerudi nyumbani. Ilikuwa mvua iliyosubiriwa muda mrefu, na ilipoanza watu walitoka nje wakainua nyuso. Ardhi ilikuwa ngumu haikunywa kitu. Mabati ya soko zima yalimwaga maji barabarani, barabara ikayamwaga mtaroni, na mtaro wangu ulifanya kazi vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma. Haukupasuka, haukuziba, haukupoteza hata debe moja njiani. Uliyabeba yote, mekundu, pamoja na ndara na magunzi ya mahindi, ukayafikisha kwenye mlango wa mama mkwe wangu. Miti niliyoipita nikikimbia kwenda chini ilikuwa imesimama juu ya vichuguu vyake, udongo umelowa juu juu tu, na mto mzima ukipita pembeni.

Ndipo nikasimama nje, kama nilivyokuambia mwanzo. Nilijiambia ni heshima. Mama yumo ndani, nguo zimemlowa, mkwe hawezi kuingia. Hayo yote yalikuwa kweli, na hakuna mtu angenilaumu kwa kuyasema. Lakini moyoni nilijua sikuwa nikimheshimu. Nilikuwa nikimwogopa, maana nilijua yeye anajua.

Akaja Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa letu, rika la marehemu baba yangu. Alinipita bila salamu, akavua viatu, akaingia. Alitoka na gunia mgongoni, miguu ikimtetemeka, akaliweka juu ya mkokoteni. Kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Hapa unamheshimu nani?"

"Mama mkwe yuko ndani, mzee."

"Nthoni inafunga macho," alisema. "Haifungi masikio. Ulitumiwa bibi yako, ukasikia. Ukaambiwa kwa njia ya punda, ukasikia. Soko yote ilisikia. Sasa unasimama hapa unaniambia heshima?"

Akaniangalia kidogo, akarudi ndani kuchukua gunia lingine. Nami hata baada ya maneno hayo sikuingia, mwanangu. Nilishika mkokoteni usiteleze. Ndiyo kazi niliyofanya siku hiyo.

Waliokoa magunia machache. Yaliyobaki yalikuwa yamelowa, na baada ya siku kadhaa yakaanza kutoa joto. Kisha vichipukizi vyeupe vikatokeza kwenye matundu ya magunia. Ndengu zilikuwa zimeota humo humo gizani, zote kwa pamoja, wakati nje mashamba yalikuwa yamelowa na yanangoja. Mumbua alinieleza hayo, mimi sikwenda kuona. Kina mama wa mwethya walikuja mmoja mmoja wakasema pole. Hakuna aliyemtukana, na nadhani angalau mmoja angemtukana angepata nafuu. Aliwagawia mbegu zake mwenyewe kikombe kwa kikombe mpaka zikaisha, na bado wengine walirudi na mifuko mitupu. Halafu akafunga ghala na kwenda kukaa kwa mwanawe wa kwanza, kule kijiji cha Kalamba. Hakutunza tena mbegu ya mtu.

Mke wangu hakunigombeza. Alipika, akanipakulia, akanyamaza, na ile nyumba ikawa kubwa sana kwa watu wawili. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu hakungoja kuwa mjukuu, alizaliwa wiki hiyo hiyo.

Miti nayo ilikufa. Mvua ilipokatika na jua likarudi, watu walikuwa wamechoka kuchotea mawe maji. Ikakauka mmoja baada ya mwingine ndani ya kuta zangu nzuri. Ulibaki mmoja, mjohoro ulioko karibu na stendi. Kabla ya mvua, lori la mchanga lilikuwa limerudi nyuma vibaya likabomoa mawe ya mti huo upande wa juu. Niligombana sana na dereva, nikaapa nitayajenga upya, kisha nikaenda Zombe. Mvua ilipokuja ikaingia kwa pengo hilo. Ndio ule unaokaa chini yake ukingoja gari la kwenda Wote, na kila nikipita naangalia mawe yake yaliyovunjika.

Mzee Kilonzo ndiye aliyenikumbusha kwamba nthoni ina ufunguo. Kila ukoo una namna yake. Kwetu mkwe huleta mbuzi na blanketi, na mama akikubali kujifunika, macho na midomo inafunguliwa. Nilinunua blanketi. Nikaliweka sandukuni. Leo nina kazi, kesho kuna matope njiani, kesho kutwa mbuzi amekonda. Msimu mzima ukapita hivyo, mpaka Mumbua akaniambia, "Hiyo blanketi itaharibikia kwa sanduku kama mbegu za Mama." Kesho yake nikafunga safari na Mzee Kilonzo.

Mama Mumbua aliketi kwenye kiti cha miguu mitatu nje ya nyumba ya mwanawe. Alipokea blanketi, akajifunika mabega ingawa jua lilikuwa kali, akainua uso. Sikuwa nimewahi kuutazama. Sikujua kwamba Mumbua alichukua kidevu chake. Nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima, naye akainua mkono.

"Kwanza niambie. Ile miti iko?"

"Ilikufa, Mwaitu. Umebaki mmoja." Mwaitu ni mama yetu, na ndiyo mara ya kwanza nilimwita hivyo.

"Gani?"

"Ile ya stendi. Lori iligonga mawe, ikafungua upande wa juu."

Mzee Kilonzo akatazama miguu yake.

"Basi lori ilinisikia," alisema.

Hakusema kwa uchungu. Ingekuwa afadhali. Alisema kama mtu aliyepata jibu la kitu alichokuwa akijiuliza, kisha akaanza kunieleza. Alijua maji ya soko lile tangu alipoolewa. Alijua ya kanisani yanashuka upande gani, ya mabati ya bucha yanakutana na mengine wapi, mahali yanapopenda kupumzika yakipewa nafasi. Alisema angepanda miti mikubwa pale pale yanapopumzika, kila mti kwenye shimo lake, ule wa juu ushibe ndipo umpe wa chini. Nilimsikiliza mpaka mbuzi wakarudi zizini. Nilifikiria miaka yote niliyozunguka nyuma ya kinu cha posho kumkwepa mtu huyo.

Nilimwahidi nitarudi na jembe langu la mkono na kamba ya kupimia, anieleze tena nikichora chini. Kabla ya mvua iliyofuata tulimzika huko huko Kalamba. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilisamehewa, hilo najua. Lakini kusamehewa hakukunirudishia mazungumzo.

Nimekueleza haya, mwanangu, kwa sababu jana nilipita barabarani nikaona mashimo ya miti mnayochimba wewe na wenzako kando ya lami mpya. Nikaona kabro, yale matofali ya saruji, zimepangwa kuzunguka kila shimo, zimenyanyuka vizuri, zinangoja saruji. Mchoro wenu ni mzuri kuliko mistari yangu. Nikateremka hadi kwenye ile nyumba ya chini. Siku hizi amepanga mama kijana kutoka Zombe, anashona sare za shule, na vitambaa vyake vimerundikwa sakafuni. Si mkwe wangu, kwa hiyo nilimsalimia kwa mkono. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyekuja kumuuliza maji yanapita wapi.

"Hakuna mtu ameniuliza, mzee," alisema. "Kwani inafikanga huku?"

Nenda ukamuulize na kumweleza wewe. Kabla saruji haijamwagwa, ngojeni mvua moja, na msiiangalie kutoka dirishani. Tembeeni ndani yake kutoka kanisani hadi chini, mjue maji yanatoka wapi na yanataka nini. Kisha shusheni udongo wa mashimo uwe chini ya lami, na upande wa juu wa kila shimo muache mlango, na mlangoni muweke jiwe bapa la kuvunja nguvu za maji na kuzuia tope. Upande wa chini muache mlango mwingine mdogo, mti ukishiba upitishe kwa jirani yake. Pandeni mijohoro na mingine inayovumilia kulowa wiki moja na kukauka miezi. Msisakafie shina. Majani yakianguka yaacheni yafunike udongo, hata kama mwenye kamati atasema ni uchafu. Na milango hiyo mtu aizibue kabla ya kila msimu, maana karatasi za soko hili unazijua. Mkifanya hivyo, maji yakifika kwa yule mama yatakuwa yamechoka, ataweza kuyafagia.

Lakini hayo ni ya mikono, fundi yeyote atakufundisha. Langu ni hili: ukitaka kujenga juu, muulize kwanza anayekaa chini. Kuuliza si ujinga, na heshima si utumwa, wala heshima si kunyamaziana. Kama desturi, cheo au umri vinamzuia kukuambia usoni, tega sikio kwa yule aliyemtuma. Akizungumza na punda, simama usikilize, wala usiangalie nani anacheka. Na ukisema utatoboa wageni wakienda, toboa kabla hawajaja.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja. Mungu aliyetupa nchi kavu na mvua chache akupe masikio kabla ya mikono. Miti utakayopanda ikuzike, isizikwe nawe. Mvua ikija Mbumbuni ikute umeifungulia, na yule wa chini aisikie ikipiga mabati, ajifunike blanketi lake, alale.